Kaseti za Mwalimu, ng'ambo ya Busisi

Nilifika stendi ya Nyegezi, Mwanza, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kondakta akaniapia kwamba gari linatoka sasa hivi. Tulitoka saa mbili. Katikati hapo nilishakula chapati mbili na kununua michembe, vile viazi vitamu vikavu, ambayo sikuihitaji.

Usagara tukakunja kulia. Njia hii naijua tangu enzi za kivuko: mnashushwa Kigongo, ukingoni mwa Ziwa Victoria, mnapanga foleni, malori yanatangulia, sato wa kukaanga wanapitishwa dirishani, na ukibahatisha vibaya unashinda hapo. Sasa kuna daraja la kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Mama wa siti ya jirani alianza kumenya chungwa tukiingia darajani, na hajalimaliza, tukawa Busisi. Nilijisikia kama nimepunjwa kidogo, ingawa wagonjwa waliokuwa wakisubiri kivuko usiku hawatanielewa.

Nilikuwa naelekea Sengerema kwa mwalimu mstaafu ambaye sauti yake niliijua kabla ya sura. Miaka kadhaa alikuwa na kipindi kwenye redio ya jamii: nani alihamia wapi, njaa ipi ilipewa jina gani, watu walivukaje ghuba kwa mtumbwi. Jina lake aliniomba nisiliandike. "Wenye maneno ni wale wazee. Mimi ni mwenye kaseti tu."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kwa daraja?" Akacheka kabla sijajibu.

Kaseti zake zinakaa kwenye ndoo mbili za plastiki zenye mifuniko, mchwa wasizifikie. Kila moja ina kipande cha karatasi ya daftari kilichobandikwa kwa gundi, mwandiko ule wa ubaoni, herufi zimelala kulia. Alianza kurekodi akiwa bado kazini. Jumamosi alibeba redio kaseti kwenye baiskeli, na sukari robo kilo kwa mwenye nyumba.

Jambo ambalo sikulijua ni hili. Wazee walizungumza Kisukuma, wengine Kizinza. Lakini kanuni za utangazaji zinataka redio zetu zitumie Kiswahili au Kiingereza. Kwa hiyo Mwalimu alikaa na kibatari, akatafsiri mstari kwa mstari, kisha akaenda studio kusoma mwenyewe. Sisi wasikilizaji tulidhani hadithi ni zake. Sauti zenyewe hazikuwahi kutoka ndani ya ndoo.

Aliniwekea moja. Ikazunguka, ikalia kama mbuzi, ikakwama. Mwalimu hakushtuka, alichomoa mkanda taratibu, akachomeka penseli kwenye tundu la kaseti, akaurudisha ndani kwa kuzungusha, huku akinihadithia bei ya betri zamani.

Ya pili ikakubali. Jogoo kwanza. Halafu bibi mmoja, sauti kavu, haraka. Kisukuma changu ni cha sokoni, kinaishia salamu ya "mwangaluka" na bei ya nyanya, kwa hiyo Mwalimu alinong'ona pembeni: anataja samaki wa utotoni mwake. Furu, ningu, gogogo, domodomo. Kabla sangara hajaletwa ziwani, furu walikuwa chakula cha kila siku. Baadaye sangara aliwamaliza kwa wingi. Bibi aliwataja kama mtu anayeita watoto waje kula, kila jina na mvuto wake, na mwisho wa orodha akanyamaza hivi kwamba nilidhani kaseti imekwama tena.

Nilikikumbuka kipindi hicho. Redioni Mwalimu alikuwa amesoma, "Zamani kulikuwa na samaki wa aina nyingi."

"Dakika zilikuwa ishirini," alisema, bila mimi kuuliza. "Na matangazo ya vifo humo humo."

Mkewe alituletea matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa) na karanga, akarudi jikoni. Kaseti iliendelea. Mtu mwingine akamuuliza bibi kitu, pengine habari za wavulana waliokuwa wakimvusha kwenda mnadani ng'ambo, naye akajibu kwa maneno matatu, kisha wote waliokuwa pale wakaangua kicheko kirefu mpaka jogoo akawika tena. Mwalimu naye alicheka, akifuta macho kwa kiganja.

"Amesemaje?"

Alitazama mlango wa jikoni, akapunguza sauti ya redio.

"Hiyo ndiyo nilishindwa kuitafsiri," alisema. "Kula karanga."