Siku saba melini: nilicholipia na nilichokula

Tangu nirudi, kila anayenijua hapa Dodoma ana swali hilo hilo. Wanawake wa kikoba chetu Chang'ombe, mteja wangu wa Mtumba anayeagiza chakula cha semina, hata kijana anayenibebea magunia ya mchele Soko la Majengo: "Mama, hiyo meli ya starehe, hela yake inarudi?" Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka. Leo naandika, kisha nitakuwa nawatumia hapa.

Mjue kwanza anayeandika ni nani. Mimi napika kwa kuuza, huu ni mwaka wa 19. Nilianza na chapati na maharage nje ya nyumba ya kupanga, na sasa nina wasichana sita na vijana wawili. Tunalisha harusi, misiba, semina, warsha. Bunge likikaa mji unafurika, na sisi hatulali. Kwa hiyo siwezi kukaa mezani mahali popote nikala kama mgeni wa kawaida. Macho yanakwenda yenyewe kwa mhudumu alivyoshika sahani, kwa wali kama umepikwa sasa hivi au uliamka nao asubuhi, kwa kitambaa cha meza kama kimepigwa pasi.

Mdogo wangu ni nesi Uingereza. Miaka mitatu alinisihi: "Dada, wewe unalisha watu tu, na wewe lini utalishwa?" Oktoba 2024 nikapanda treni ya SGR kwenda Dar, nauli 31,000, nikaruka, tukakutana Barcelona. Meli ilikuwa ya siku saba: Marseille, Genoa, Civitavecchia ambayo ndiyo bandari ya kwendea Roma, Palma, na kurudi Barcelona. Bandari zote hizo zimo ndani ya nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, hivyo viza moja ya kuingia mara moja ilitosha, euro 90. Ukichagua safari inayotoka nje ya eneo hilo halafu inarudi, angalia viza yako vizuri, usije ukaachwa gatini.

Sasa hela. Chumba kisicho na dirisha, chini kabisa katikati ya meli, kilikuwa euro 720 kwa kila mmoja wetu tukiwa wawili. Kwa bei ya wakati ule ni kama milioni 2 na laki moja kasoro kidogo. Ukienda peke yako unalipa karibu mara mbili, kwa sababu wanauza chumba kwa hesabu ya watu wawili. Bei hiyo inabeba kulala, milo yote ya mgahawa mkubwa na ya bufee, maonyesho ya jioni, na usafiri wenyewe. Tiketi ya ndege ndiyo iliyoniumiza, kwani ilikula zaidi ya meli.

Halafu vinaanza vingine. Ada ya huduma, euro 12 kwa mtu kwa usiku, inakatwa yenyewe kwenye kadi ya chumba, upende usipende. Jioni ya kwanza tumekaa, nguo nzuri, nikaomba maji ya kunywa. Mhudumu akaleta chupa na karatasi ya kusaini. Euro 4, na asilimia 15 ya huduma juu yake. Maji! Nilishika ile kalamu nikasita. Mimi nimelisha watu mia tatu chini ya turubai pale Kikuyu, Novemba, joto la Dodoma mnalijua, na sijawahi kumuuzia mgeni aliyealikwa maji ya kusindikizia chakula. Baadaye nikagundua kwamba juu kwenye bufee maji ya bomba, chai na kahawa ni bure. Kwa nini hayashuki ghorofa chache hadi mezani, hilo sikuelezwa. Hilo nawashtaki nalo mpaka leo.

Bufee yenyewe sitaisifu. Ni kubwa, ina kila kitu, na karibu kila kitu kina ladha ya kufanana. Mayai ya kuvuruga asubuhi yalikuwa yanatoa maji pembeni, na mpishi yeyote anajua maana yake: yamevurugwa mengi mno kwa mara moja, yakakaa kwenye moto mdogo yakisubiri watu. Wali ulikuwa umelala. Nasema bila chuki, maana najua kulisha umati. Meli ile ilikuwa na abiria zaidi ya elfu nne, na wote wanataka kula kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Mimi watu mia tano tu wananitoa jasho la mgongoni. Mkate, hata hivyo, ulikuwa mzuri kupita wote niliowahi kula. Wanauoka usiku wakati abiria wamelala, unafika mezani ganda bado linalia.

Lakini jioni, kwenye mgahawa mkubwa, mambo yalikuwa mengine. Unapewa zamu na namba ya meza, na ni hiyo hiyo siku zote saba, na mhudumu ni huyo huyo. Sisi tulipewa zamu ya pili, saa tatu usiku. Mhudumu wetu alikuwa kijana wa Indonesia, mwembamba, mpole, nywele amezilaza vizuri. Jina lake silitaji kwa sababu nitaeleza mambo aliyoniambia mimi.

Usiku wa pili niliagiza samaki mzima wa baharini, wa aina ya yule anayeitwa changu. Sisi wa Dodoma samaki wetu ni perege wa Mtera, tunamshika kwa mkono na miba tunapambana nayo wenyewe. Kijana akaleta sahani, akaisimamisha kwenye meza ndogo ya pembeni, akachukua kijiko na uma. Akapitisha ukingo wa kijiko nyuma ya kichwa, kisha juu ya uti wa mgongo taratibu kutoka kichwani hadi mkiani, kama mtu anayefungua zipu. Minofu ya juu akaigawa kulia na kushoto. Akashika mkia kwa uma, akainua, na mfupa wote ukatoka mzima, kichwa kikifuata, bila kipande hata kimoja cha nyama kubaki juu yake. Akarudisha minofu ilivyokuwa, akazungushia mchuzi, akaniwekea. Nilihesabu bila kutaka: haikufika dakika moja na nusu. Sikukuta mwiba. Ladha ilikuwa ya kawaida, chumvi kidogo, ndimu, mafuta ya zeituni. Ila nilikula nikiwa na donge kooni, na mdogo wangu akaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Katika miaka 19 hakuna mtu aliyenitolea miba.

Usiku wa tatu akatuuliza mbona supu tunaiacha nusu. Mdogo wangu akamwambia ukweli, kwamba chakula hakina pilipili. Akacheka kidogo, akaondoka. Usiku wa nne, kabla hatujafungua karatasi ya vyakula, akaweka katikati ya meza kibakuli kidogo cha kauri kilichofunikwa na sahani ya kikombe. Ndani kulikuwa na sambal, pilipili yao ya kusagwa, nyekundu, inanukia vitunguu na kitu kama dagaa. Alikuwa ameitoa kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi, kule chini. Kuanzia hapo kibakuli kile kilitungoja kila jioni. Hakuna mahali pa kusaini, hakuna asilimia 15.

Ndiyo maana nikiulizwa kuhusu huduma sijibu kwa nusu mdomo. Huduma ile ilistahili hela. Chakula peke yake kisingestahili.

Siku ambayo hatukutia nanga nililipa euro 20 kuingia jikoni pamoja na abiria wengine kumi. Wengine walipiga picha, mimi nilitembea mikono nyuma kama mkaguzi. Hakuna mwali wa gesi hata mmoja, kila kitu ni umeme, kwa sababu moto baharini hauna pa kukimbilia. Mbao za kukatia zina rangi: nyekundu za nyama mbichi, bluu za samaki, kijani za mboga, na hakuna anayechanganya. Sakafu kavu. Jiko langu sakafu haijawahi kuwa kavu saa sita mchana. Nimerudi nimenunua mbao za rangi, na kijana wangu wa nyama ameshaanza kuwafokea wasichana wakizichukua.

Kosa letu lilikuwa usiku wa sita. Kuna migahawa midogo ya kulipia, na mdogo wangu alitaka tuonje wa nyama ya kuchoma. Euro 45 kwa kichwa, kama laki moja na thelathini. Nyama ilikuwa laini na imepumzishwa kabla ya kukatwa, mchuzi wake umebaki ndani. Sina kasoro ya kuitaja. Lakini pesa hiyo mnadani Msalato siku ya Jumamosi inakaribia mbuzi, na mbuzi huyo ungemla na watu unaowajua. Mhudumu wa kule alikuwa mwepesi, mstaarabu, na hakutujua. Tulikaa tukimuwaza kijana wetu kwenye meza yetu, viti viwili vitupu. Kesho yake akauliza kwa sauti ya chini kama kuna kitu alikosea. Niliona aibu kweli. Kama mnataka ushauri mmoja tu kutoka kwangu, ni huu: msilipie migahawa ya pembeni. Mkikaa kwenye meza yenu siku zote, ndipo bei ya tiketi inapofanya kazi.

Usiku ule wa mwisho watu walikuwa wamepungua, nikazungumza naye. Mkataba wake ni wa miezi tisa, alikuwa kwenye wa saba. Anaanza kifungua kinywa saa kumi na mbili asubuhi, anapumzika mchana, anarudi jioni mpaka saa tano usiku, na hakuna Jumapili. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unaruhusu saa 14 za kazi katika saa 24, ilimradi kwa wiki zisizidi 72. Nilimuuliza miguu inavumiliaje. Akaniambia ana jozi mbili za viatu, za unyayo tofauti, anabadilisha mchana ili uzito uangukie mahali pengine. Mimi baada ya harusi naweka miguu kwenye beseni la maji moto na chumvi, kwa hiyo tulielewana bila maneno mengi. Kuhusu ile ada ya euro 12, alisema inaingia kwenye kapu moja na kugawanywa, na yeye hajui ya meza yangu ni ipi. Nikatoa bahasha. Sisemi ilikuwa na kiasi gani.

Na hapa ndipo ninapokasirika. Kama ada ni ya lazima, iwekwe ndani ya bei tangu mwanzo, tuione tukiwa bado nyumbani tunahesabu. Na huyu mtu anayebeba jina zima la kampuni kwenye mikono yake miwili apate mshahara usiotegemea kama abiria wa meza ya kando amenuna. Mimi mwenyewe nilikuwa nawalipa wasichana wangu kwa siku, na mteja akiacha chochote nakiingiza kwenye hesabu ya gesi na mkaa. Tangu nirudi kinachoachwa ni chao, wanagawana mbele yangu, na kwenye profoma ninayompa mteja huduma ina mstari wake.

Hesabu yangu ya melini ni hii. Chumba 720, ada ya huduma 84, maji na soda 46, ile nyama 45, jikoni 20. Jumla euro 915, kama laki tatu na themanini kwa siku. Wakati wa Bunge chumba cha maana hapa mjini kinaweza kukutoka laki moja na nusu, na hujala, wala hukuamka ukiwa Genoa. Kwa hiyo ndiyo, inarudi, ukilipa bei ya chini na kukataa vya pembeni. Nikirudi nitachukua chumba kile kile kisicho na dirisha.

Desemba nilikwenda Mvumi kumsalimia shangazi yangu, dada yake baba, ambaye bahari ameiona kwenye kalenda tu. Alitaka habari yote. Nikamweleza samaki, kijiko, uti wa mgongo uliotoka mzima. Alisikiliza mikono ikiendelea kuchambua mlenda, hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Na huyo mtoto aliyekutolea miba, yeye alikula nini?"

Nilikuwa nimemuuliza kijana swali hilo hilo. Wali, shangazi, nikamwambia. Saa tano usiku, kule chini, na ile pilipili.