Navoishi na presha ya macho, mitaa ya Mji Mkongwe

Watu wakisikia nna presha ya macho wanadhani naona kiza pembeni. Mie sioni kiza chochote. Pale jicho lilipokufa ubongo unapajaza na kilichopo jirani, mkeka unaendelea kuwa mkeka, ila glasi iliyowekwa juu ya huo mkeka haipo. Mke wangu ndo alieshtuka, kila tukila sinia moja maji yakiwekwa kushoto kwangu yanamwagika, akanambia wewe bwana una nini. Na ngazi jamani. Nyumba za huku mnazijua, kidato kimoja kirefu chengine kifupi, baraza zinatokeza njiani, magoti yangu yalijaa makovu kama ya mtoto wa chuoni.

Nikenda duka moja la miwani, nikasoma herufi mpaka mstari wa chini kabisa, wakaniuzia miwani ya kusomea na kunambia macho mazima. Sasa zile herufi unasoma kwa katikati ya jicho, na ugonjwa huu mara nyingi katikati unaiacha mpaka mwisho, mtu anasoma msahafu vizuri tu huku neva ya jicho, ule mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, inaliwa. Daktari wa macho ndo alienitia dawa ya kutanua mboni akachungulia nyuma, pale neva inapotoka kwenda kwenye ubongo, akasema kile kishimo cha kwenye kichwa cha neva kimekuwa kikubwa, dalili kwamba neva inaliwa. Presha 32 kushoto na 27 kulia, kawaida ni baina ya 10 na 21, ingawa wapo ambao presha yao iko sawa na neva inakufa vilevile. Hiyo neva ina nyuzi kama milioni moja hivi, zikifa hazioti tena.

Kupima upeo wa kuona nlivuka boti kwenda Dar. Unaweka kidevu kwenye mashine, jicho moja linazibwa, unakodolea taa ya katikati, vidoa vya mwanga vinatokea huku na huku, ukikiona unabonyeza kitufe. Inachosha, na kuna vipindi vya kimya kirefu mpaka unajiuliza mashine imekwama au ndo mie sioni. Usizungushe jicho kutafuta, utaharibu kipimo, na usiingiwe na hofu maana vidoa vyengine ni hafifu makusudi, hata mzima haoni.

Karatasi ilipotoka ndo nkaelewa habari ya zile glasi. Jicho la kushoto nusu ya chini yote imekwenda. La kulia limekufa chini upande wa pua, na upande wa pua wa jicho la kulia ndo kushoto kwangu, kwa hivo macho mawili yamekutana kwenye shimo lilelile na hakuna wa kumsaidia mwenziwe. Neva yenyewe imeliwa juu lakini mtu unapofuka chini, kwa sababu picha inaingia jichoni kichwa chini miguu juu.

Dawa hairudishi kilichokwenda, inalinda kilichobaki. Natia latanoprosti usiku na timololi asubuhi na jioni. Natia tone moja, nafumba, nabonyeza kona ya jicho upande wa pua kama dakika mbili ili isishuke kooni, na kama ni dawa mbili nasubiri dakika tano katikati. Ile ya usiku inakuza kope, mke wangu ananicheka ati nimekuwa bi harusi.

Mwendo nao nimeubadilisha. Kabla sijashuka ngazi nageuza kichwa kizima chini kushoto, kichwa si macho tu, halafu mguu unapapasa kidato kabla sijautia uzito. Ngazi za nyumbani nimezipiga rangi nyeupe ukingoni, kazi ya asubuhi moja na imenifaa kuliko ile miwani. Maji yanawekwa kulia. Tukitoka mke wangu anakaa kushoto, khasa Darajani, mikokoteni ya mahamali inakuja chini chini hata sijui imetokea wapi. Vespa nimeuza, hapo nliumia kweli lakini mtoto wa mtu akikatiza kushoto ntasema nini?

Na kwa vile huu ugonjwa unatembea kwenye familia, na sisi watu weusi unatuwahi zaidi, nliwasumbua ndugu zangu wote wakapime. Kaka yangu wa Wete aligoma, ati anaona mpaka mashua ilioko mbali, nkamwambia hata mie nliona herufi zote. Alipopima presha iko juu ila upeo wake bado mzima. Akataka nimgaie timololi yangu aanze nayo, nkakataa, na heri nlikataa maana yeye ana pumu na hiyo dawa inabana kifua, daktari akampa ya usiku peke yake.