Zidaka za Lacock

Mjomba wangu ni fundi wa chokaa Lamu. Tangu nije Uingereza kulea wazee, huu mwaka wa tano, kila nikimpigia simu huniuliza: "Nyumba za huko wazijenga vipi?" Nami sina jibu, maana nikitoka zamu ya usiku nakiona kitanda tu. Mwezi uliopita nikapata Jumapili nzima ya mapumziko, nikaenda Lacock Abbey, mkoani Wiltshire, angalau nipate la kumwambia.

Jumba hilo lilianza kama nyumba ya watawa wa kike, iliyoasisiwa mwaka 1232 na Ela, mjane wa ukoo wa watawala wa Salisbury. Mfalme Henry VIII wa Uingereza alipozifunga nyumba za watawa, zamu ya Lacock ilifika 1539, ikauzwa kwa William Sharington. Huyo bwana alilibomoa kanisa lote, akaacha kumbi za chini zinazouzunguka ua, kisha akajijengea makao juu yake, na mnara wa pembe nane pembeni. Mjanja wa kupindukia: alikuwa na cheo katika kiwanda cha kufua sarafu cha Bristol, akakamatwa mwaka 1549 kwa kuiba humo humo, akasamehewa, na mali yake akaikomboa kwa fedha.

Kumbi za chini ndizo zilizonishika. Dari ni ya mawe, na mbavu zake zinachanua kutoka ukutani mithili ya makuti yanavyotoka kwenye shina la mnazi. Kila zinapokutana pana kifundo kilichochongwa mnyama au uso wa mtu. Hii ni kazi ya karne ya 15, na unaiona kwamba tao lililochongoka halikuwekwa hapo kwa urembo: linaubeba uzito wa dari na kuuteremsha kwenye nguzo. Nilisimama shingo juu hadi ikauma.

Sasa panda ngazi za nje uingie ukumbi mkubwa. Mwaka 1754 mwenye nyumba, John Ivory Talbot, alimwita Sanderson Miller, bwana mwenye shamba na nyumba zake, aliyependa ujenzi na kuwachorea rafiki zake. Miller akajenga ukumbi wa Gothiki, yaani mtindo wa makanisa ya kale ya Ulaya wenye matao ya ncha: dirisha la ncha kali, dari iliyochorwa nembo za rafiki za Talbot, na kuta zilizojaa vidaka, yale matundu ya ukutani ambayo kwetu Lamu huitwa zidaka na huwekwa sahani na vyombo, ila hapa mna sanamu za udongo wa kuchoma. Yaani kanisa la Gothiki lenyewe lilivunjwa, na miaka mia mbili baadaye watu wa nyumba ile ile wakalipia Gothiki ya kuigiza! Sitawasema sana. Ukumbi ni mzuri, una uchangamfu kama sebule ya harusi. Lakini ukitoka kwenye zile mbavu za mawe, huu unauona ni nguo ya sikukuu.

Na tao lenye ncha si geni kwetu. Pale Gede, karibu na Malindi, milango ya msikiti mkuu ina matao ya namna hiyo, na msikiti ule ni wa karne ya 15. Fundi wa Gede hakumwiga mtu wa Wiltshire. Yeye alifuata mkondo wa Uislamu na Bahari ya Hindi.

Nyongeza iliyoleta sifa kubwa zaidi ni madirisha ya roshani upande wa kusini, ya William Henry Fox Talbot, mwenye nyumba wa karne ya 19 na mmoja wa waasisi wa upigaji picha. Agosti 1835 alilipiga picha mojawapo kwa kisanduku kidogo cha mbao, na ile ndiyo negativu (picha ya kwanza ambayo mwanga na kivuli vimegeuzwa) ya kamera iliyo kongwe kuliko zote zilizobaki duniani. Ni ndogo, kama stempu ya barua, lakini aliandika kando yake kwamba vigae vya kioo, kama 200, viliweza kuhesabika kwa lenzi.

Nami nikalipiga dirisha lile kwa simu, nikapiga na ukumbi wa Miller, nikamtumia mjomba. Juu ya mawe na chokaa hakusema neno. Jibu lilikuja usiku, kwa sauti, na nyuma yake nilimsikia mama akicheka:

"Zidaka zote hizo, mwanangu, na hawana hata sahani moja ya kuweka?"