Bushi kwanza, chuma baadaye: nilivyochagua mikono ya nyuma ya Chevelle yangu

Mwezi Mei mwaka jana, nikiingia barabara ya I-270 hapa Columbus, Ohio, mvua ikiwa ya manyunyu tu, nyuma ya Chevelle yangu, gari la zamani la Kimarekani la Chevrolet, iliteleza ghafla. Sikuwa na mwendo mkubwa. Nilikuwa kwenye ile kona ndefu ya kuingilia, nimekanyaga mafuta kidogo, na gari halikunipa dalili yoyote. Nilirudisha usukani, likakaa sawa. Mke wangu, aliyekuwa pembeni, hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimefunga mikono mipya ya nyuma, yaani vyuma vinavyoshika ekseli ya nyuma kwenye chesi, yote minne, ya bomba nene, pamoja na bushi (vile vipande vya kwenye viungo) za poliyurethani, plastiki ngumu, kila kiungo. Muuzaji aliniambia ndiyo imara kuliko zote, nami nikaamini kwamba imara ndiyo bora. Naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye gari la aina hii ambaye analiendesha barabarani, kwenda kazini na sokoni, na si la mashindano ya mbio fupi za mita mia nne.

Gari lenyewe ni Chevelle Malibu ya 1970, milango miwili, V8 ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, gia otomatiki. Nyuma halina springi za mabapa yaliyopangwa kama za lori, ambazo Camaro na Mustang za wakati ule zilikuwa nazo. Lina springi za koili, na ekseli inashikwa na mikono minne. Miwili mirefu iko chini, inatoka kwenye ekseli kwenda mbele hadi kwenye chesi. Miwili mifupi iko juu, imekaa mshazari: kwenye difu, lile kasha la gia katikati ya ekseli, imekaribiana, kwenye chesi imeachana. Ule mshazari ndio unaozuia ekseli isihame kushoto na kulia. Hakuna fimbo ya kukatiza pembeni kama iliyopo kwenye Land Cruiser 80 au Prado, kwa hiyo kazi yote ni ya mikono hiyo minne.

Sasa fikiria gari linalala kwenye kona. Upande mmoja unapanda, mwingine unashuka. Mikono ya juu, kwa kuwa imekaa mshazari, haiwezi kwenda juu na chini tu kama bawaba za mlango; inalazimika kujipinda. Ya chini nayo inajinyonga. Mikono ya kiwandani ni bamba lililokunjwa mfano wa herufi U, wazi upande mmoja, na bushi zake ni za mpira. Bamba linajinyonga, mpira unanyumbuka, ekseli inapata nafasi. Nilipoweka bomba lisilojinyonga na bushi zisizonyumbuka, ekseli ilikabwa. Nyuma nzima ikageuka kama stabilaiza (fimbo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona) moja kubwa, na tairi za nyuma zikaachia kabla sijajua.

Hayo sikuyafahamu siku ile. Niliyafahamu nilipompigia mjomba wangu Tanga, ambaye amefunga bushi za Land Cruiser na Prado tangu sijaanza shule.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Habari za baridi?"

Nikamweleza, nikamtumia na picha. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Ulinunua mikono au ulinunua bushi?" Nikamwambia mikono. "Basi ulianzia mwisho, mjomba. Bushi kwanza. Mkono ni chuma tu cha kubebea bushi."

Mahesabu yangu yote nimeyajenga juu ya maneno hayo.

Wazo la kwanza lilikuwa kurudisha mikono ya chini ya kiwandani na kuifunga bamba upande ulio wazi. Kiwanda chenyewe kilifanya hivyo kwa magari yaliyokuja na stabilaiza ya nyuma, kwa sababu stabilaiza ile inafungwa kwenye mikono ya chini na bamba la wazi halihimili. Ni njia ya bei nafuu na ni nzuri, mradi utoe bushi za mpira kabla ya kuchomelea. Rafiki yangu wa Bukavu, fundi wa kuchomelea, alikuja Jumamosi kuitazama. Aligonga ncha ya mkono wa kushoto kwa nyundo, kutu ikamwagika sakafuni. "Hii chuma ilishaisha, ndugu," akasema. Chumvi ya barabara za Ohio imekula magari mengi kwa namna hiyo.

Basi nikanunua mipya, lakini safari hii kwa kanuni moja: kila mkono uwe na ncha moja inayoweza kuzunguka kila upande. Ya chini nilichukua ya bomba la mraba, upande wa chesi poliyurethani, upande wa ekseli jointi yenye tufe la chuma ndani ya vikombe vya plastiki ngumu. Jointi hiyo inatiwa grisi, na vikombe vikilika vinabadilishwa. Jointi za aina ya Heim, ambazo tufe lake limekaa kwenye chuma kitupu, sikuzitaka. Ni nyepesi na hazilegei zikiwa mpya, lakini zinapitisha kila kelele ndani ya gari, na kwa vumbi na chumvi zinaanza kugonga mapema.

Ya juu nilichukua inayorefuka na kufupika, jointi ya tufe upande wa chesi. Bushi za upande wa pili haziko kwenye mkono. Zinakandamizwa ndani ya masikio ya difu yenyewe, na hapo nikaweka mpira mpya. Mpira ule unameza mtetemo wa difu. Wengi huuondoa kwa kudhani ni udhaifu, nami siwaungi mkono hata kidogo kwa gari la barabarani.

Kwa nini mikono ya juu ya kurekebishika? Kwa sababu nilishusha gari inchi moja kwa springi fupi, na ukishusha gari, pua ya difu, pale inapoingia propela (shafti inayotoka kwenye gia), inabadilisha mwelekeo. Nilikuwa na mtetemo wa kiti kuanzia maili 60 kwa saa, nikabadilisha hata krosi za propela bila faida. Unapokanyaga mafuta, pua ya difu huinuka, kwa hiyo gari likiwa limesimama inatakiwa itazame chini kidogo kulinganisha na propela. Niliiweka digrii 2 kwa kipimo cha pembe cha kunasa kwa sumaku, mtetemo ukaisha. Kama hukushusha gari lako, usitumie hela hapo. Mikono ya urefu wa kiwandani inatosha.

Jambo moja la ufungaji, nalo limeua bushi nyingi nzuri: bolti zinazopita kwenye mpira usizikaze gari likiwa juu ya jeki na ekseli inaning'inia. Mpira umeshikamana na bomba lake la ndani. Ukikaza hivyo, gari likishuka unabaki umesokotwa siku zote, mwisho unachanika. Nilishusha uzito wote juu ya tairi, nikalala chini na kukaza hapo.

Jumapili iliyofuata tulishika barabara ya 33 hadi Logan, kisha 664 ya Hocking Hills, kona juu ya kona, lami ingali na unyevu chini ya miti. Gari lililala kwenye kona na nyuma ikafuata. Karibu na Old Man's Cave mke wangu alikuwa amevua viatu, miguu ameikunja juu ya kiti, amelala.