Choo chetu wenyewe: wiki moja ndani ya RV, Georgia mpaka Arkansas

Mama alipokuja kututembelea hapa Atlanta toka Tanga, baba watoto akaja na wazo tukodi RV, lile gari refu kama kosta ila ndani kuna vitanda, jiko, friji na choo, tuzunguke huku kusini tuone sehemu zenye historia ya watu weusi. Mi nikakubali fasta wala sikuuliza bei, sababu mama ana sukari na kila baada ya saa anataka msalani, nikajua hapa tumepatia. Nilichokuwa sijui ni kwamba kile choo kikijaa lazima mtu akakimwage, na huyo mtu akawa mimi maana baba watoto alisema yeye dereva 😏

Tulianza hapahapa Auburn Avenue, kanisa la Ebenezer alikokuwa anahubiri Martin Luther King, yule mpigania haki za weusi, na kaburi lake na mkewe Coretta, limezungukwa na maji. Naishi huku mwaka wa nane na nilikuwa sijawahi kufika, aibu yangu. Hatukukaa sana, gari la futi 25 kulipatia paking katikati ya jiji ni adhabu.

Ukivuka kuingia Alabama unazawadiwa saa moja, saa zao zipo nyuma ya Georgia, kwa hiyo Montgomery tulifika bado jua lipo. Kule kuna kumbukumbu ya waliouawa na makundi ya wazungu, wengi kwa kunyongwa mitini, ilifunguliwa 2018. Ni nguzo za chuma zaidi ya 800, kila nguzo ni kaunti moja na majina ya watu wake, jumla ya waliohesabiwa kati ya 1877 na 1950 inapita 4,400. Unapoingia nguzo ziko usawa wako kama mtu kasimama mbele yako, afu unavyotembea sakafu inashuka taratibu bila wewe kushtuka, ukija kuinua macho zote zinaning'inia juu ya kichwa. Mama alikuwa anayasoma majina kwa sauti ya chini kama anayesoma dua, akifika palipoandikwa tu "hajulikani" anasimama. Mwisho akaniuliza, "Na makaburi yao yako wapi?" Sikuwa na jibu, wengine hata miili haikurudi kwa ndugu zao.

Kesho yake tukapita mtaani alipokamatiwa Rosa Parks, mama mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, tarehe 1 Desemba 1955. Wanangu walikuwa wanaijua hadithi toka shule, ila mama aliposikia baada ya pale watu walisusa mabasi siku 381 akacheka peke yake, "Sisi daladala zikigoma siku mbili tu nchi nzima inalia."

Njiani kwenda Selma tukasimama kujaza mafuta (hili dude linakula maili 9 kwa galoni, jiandaeni), mama akawa anakiangalia kituo afu akauliza, "Enzi hizo za ubaguzi, mtu mweusi akiwa safarini alikuwa anajisaidia wapi?" Ndo nikamwelezea. Vituo vingi vilikuwa vinamuuzia mafuta mtu mweusi lakini choo hapana, mahoteli hapana, mghahawani labda dirisha la nyuma. Kwa hiyo familia zilikuwa zinafunga kuku na mikate toka nyumbani, mablanketi ya kulala garini, na kopo la haja nyuma ya gari. Bwana mmoja wa posta kule Harlem, Victor Green, kuanzia 1936 akawa anachapisha kitabu kinachoitwa Green Book, kimeorodhesha hoteli, vituo vya mafuta mpaka saluni ambako mweusi anapokelewa. Mama akageuka akaangalia jiko letu, vitanda, mlango wa choo. Akasema, "Kumbe nyie mnalipia walichokuwa wanalazimishwa." Nikanyamaza mpaka Selma.

Pale Selma daraja la Edmund Pettus lina mgongo, ukianza kupanda huoni upande wa pili. Ndo ilivyokuwa tarehe 7 Machi 1965, watu weusi wameandamana kudai haki ya kupiga kura, wakafika juu kabisa ndo wakawaona askari wanawasubiri na virungu, wengine juu ya farasi. John Lewis, mmoja wa viongozi wa maandamano, miaka 25, alipasuliwa fuvu pale. Na daraja hadi leo lina jina la jenerali aliyepigania utumwa ubaki! Wiki mbili baadaye wakarudi, wakatembea maili 54 mpaka Montgomery. Sisi barabara ileile tuliipita kwa lisaa tena na AC. Baba watoto akatangulia na gari upande wa pili, sie tukavuka kwa miguu, mama na kanga yake na ndala.

Karibu na Birmingham ndo yalinikuta. Bomba la tenki la kinyesi sikulibana vizuri, nikafungua koki... nguo zile nilizitupa. Mzee mmoja wa kizungu wa gari la jirani akaja na glovu za ziada, akanifundisha: unaanza tenki la choo, afu la maji ya sinki na bafu, ili yale ya sabuni yasafishe bomba. Huo ndo ushauri wangu mkubwa kwa mtu yeyote.

Memphis tukafika Lorraine Motel, alipouawa King tarehe 4 Aprili 1968, chumba namba 306, siku hizi ni makumbusho. Lorraine nayo ilikuwemo kwenye kile kitabu cha Green, mwenye moteli Walter Bailey aliipa jina kwa kumfuata mkewe, Loree. Siku ileile King alipopigwa risasi yule mama akapata kiharusi, akafariki siku King anazikwa. Mama akauliza kama mumewe aliendelea kupokea wageni. Aliendelea, ila 306 hakuipangisha tena.

Little Rock tuliishia kuiona shule ya Central kwa nje, walipoingia wale wanafunzi tisa weusi 1957 kwenye shule iliyokuwa ya wazungu tu, wakisindikizwa na wanajeshi, watoto washachoka na mimi pia.

Picha ya darajani mama kaiwekea fremu, iko sebuleni Tanga. Nyuma kabisa RV inaonekana, baba watoto katoa kichwa dirishani anatuita tuharakishe, alikuwa kapaki vibaya.