Huyu Samaki Namfahamu

Mzee ninayemchorea khanga alinirudishia michoro saba kwa mkupuo. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Aliipanga juu ya meza ya kukatia vitambaa, mmoja mmoja, kama mtu anayegawa karata, kisha akasema, "Mwanangu, hii ni ile ya mwaka juzi. Umegeuza korosho tu, zimetazama upande wa pili."

Nikatazama. Kweli zilikuwa zimetazama upande wa pili.

Khanga ina pindo, ule mpaka unaoizunguka pande zote nne. Ina mji, uwanja wa katikati. Na ina jina, yale maandishi yanayokaa sehemu ya chini ya mji. Korosho ni lile umbo la tone lenye mkia uliopinda, lililovuka bahari kutoka India likafika huku likapewa jina la kitu tunachokijua. Pita Mtaa wa Uhuru uzihesabu. Utachoka kabla hujafika Mnazi Mmoja. Mimi nazichora mwaka wa tisa sasa. Silipwi kwa mwezi, nalipwa kwa mchoro uliokubaliwa, kwa hiyo siku ile kilichorudishwa mezani kilikuwa pia kodi ya chumba changu.

Kwanza nilikimbilia simu. Usiku hadi saa nane nilikuwa napitisha kidole kwenye vitambaa vya dunia nzima: adire za Nigeria, batiki za Indonesia, maua ya Wajapani. Asubuhi nikishika kalamu, mkono ulikuwa umejaa vitu vya watu. Kila nilichokiona kilikuwa kimeshamalizwa na mwenyewe, hakikuniachia pa kuingilia. Nilikaa hivyo karibu miezi miwili, nikizidi kuona vizuri na kuzidi kuchora vibaya.

Rafiki yangu mshonaji ndiye aliyenifukuza nyumbani. Aliniambia, "Nenda Nafasi ukawaone wenzio wanavyohangaika." Nafasi Art Space ipo Mikocheni, kwenye eneo la viwanda vidogo, tangu mwaka 2008, vyumba vya kazi vya wasanii ni makontena ya meli. Nilipenda mahali penyewe kabla ya picha. Harufu ya rangi, mtu anachomelea chuma, mwingine amelala mkekani mchana kweupe na hakuna anayemuuliza.

Kijana mmoja niliyemkuta huko alikuwa anachora samaki. Picha kubwa, karibu urefu wa mlango, samaki wa rangi ya kutu juu ya bluu iliyofifia. Nilisimama pale mpaka akanipa kigoda. Nikarudi nyumbani nimewaka moto, nikachora usiku kucha, na baada ya wiki mbili nikampelekea mchoro wa khanga nimeukunja kwenye bahasha kama mtu anayepeleka posa.

Aliutazama kwa muda, akaniambia kwa upole, "Dada, huyu samaki namfahamu."

Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Nikaanza kujitetea, kwamba nimebadilisha mapezi, nimeongeza magamba. Hakubishana. Akaniuliza tu, "Wangu amekaa wapi?" Nikatazama picha yake ukutani. Samaki wake alikuwa pembeni kabisa, mkia umekatwa na ukingo, na sehemu yote iliyobaki ilikuwa maji. Wangu nilikuwa nimemlaza katikati ya mji kama kwenye sahani ya wali. Nilikuwa nimechukua samaki nikaacha maji yake.

Kuanzia siku ile nikajiwekea sheria mbili. Nikienda kuona kazi ya mtu, sichori chochote kwa siku mbili. Na kwenye daftari siandiki kuna nini, naandika kinafanya nini. Nisiandike "samaki", niandike "anatoka, hajali tunamtazama". Mwanzoni nilijiona mjinga. Kurasa za kwanza ni aibu tupu, nimezibandika kwa gundi.

Nilipita Morogoro Stores kule Oysterbay, wanakouza picha za Tingatinga. Nilikuwa nimezipita kwenye daladala maisha yangu yote nikiona ni vitu vya watalii. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 na akafa 1972 kwa risasi ya polisi. Miaka minne. Mimi nina tisa ya korosho. Alichorea vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa masonaiti kwa rangi za kupakia baiskeli, ndizo alizoweza kuzipata. Kwenye daftari niliandika: "Nyuma ya mnyama anapaka rangi moja tu, halafu anaiacha." Kuiacha ndiko kulikonishinda mimi. Mji wangu nilikuwa naujaza mpaka hauna pa kupumulia, kwa kuogopa mnunuzi atasema nimemdhulumu wino.

Nilikwenda pia kwenye maonyesho ya sanaa za video, chumba chenye giza na televisheni tano, kila moja inaonyesha maji yanayochemka. Nilikaa nusu saa. Nikatoka nikiwa na hamu ya chai, na sikupata zaidi ya hiyo.

Singeli sikuifuata, ilinifuata yenyewe. Naishi Tandale. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa na kigodoro, sherehe ya kuamkia harusi, na maspika yaliyopangwa kuziba uchochoro. Mapigo ya singeli yanapita 200 kwa dakika. Ukijaribu kuyafuata kwa moyo wako unaweza kuitwa daktari. Saa tisa usiku niko kitandani, mto juu ya kichwa, natukana kimoyomoyo, ndipo sikio likashika kitu ninachokijua. Kipande cha kinanda. Kilikuwa cha taarab ya zamani ya redio ya mama yangu, kama sekunde tatu tu, kimekatwa, kimeharakishwa, kinarudiwa na kurudiwa hadi kimeacha kuwa taarab. Kimekuwa kama nyuki ndani ya debe. Wenyewe wanajua singeli ilizaliwa hivyo, wachanaji wa mitaa hii wakichana juu ya vipande vya taarab vilivyozungushwa kasi. Mimi nilikuwa nalijua hilo kama mtu anavyojua habari za jirani, bila kulitia maanani.

Niliamka nikawasha taa. Kwenye sanduku nina khanga ya marehemu bibi, imechakaa hadi inapitisha mwanga. Nikapima ua moja la pindo lake: sentimita 12. Nikalinakili, nikalipunguza hadi sentimita moja na nusu, nikalirudia pande zote nne, yakibanana bila nafasi. Ukilisogelea ni ua la bibi. Ukirudi nyuma hatua tatu halionekani tena kuwa ua, pindo zima linatetemeka. Kule nje walikuwa bado wanacheza na mimi nilikuwa nacheka peke yangu.

Kwa furaha nikafanya ujinga. Nikayajaza maua yale yale kwenye mji pia. Mzee alipouona mchoro alirudi nyuma, akavua miwani. "Hii nikiitundika dukani wateja watatapika."

Hakuwa amekosea. Wenye singeli wana mchanaji anayekuja juu ya ile kelele na sauti ya mtu, unapata pa kushika. Kwangu hapakuwa na mtu.

Mwezi wa saba nikavuka kwenda Unguja, kwenye Tamasha la Kimataifa la Filamu Zanzibar, ZIFF kwa wenyewe, linalofanyika tangu 1998. Nilikwenda kwa sababu shangazi yangu anaishi Ng'ambo na kulala ni bure; sanaa ilikuwa kisingizio. Jioni nikaingia Ngome Kongwe, ile ya Waomani, kuta zimeota weusi wa mvua za miaka, na kitambaa cheupe kimewambwa katikati ya mawe hayo. Upepo ukivuma, nyuso za waigizaji zinajikunja kidogo.

Filamu niliyoikuta ilikuwa ya Kiswahili, na chini ya picha kuna maandishi ya Kiingereza. Mbele yangu walikaa wageni, nyuma yangu wenyeji. Likija neno la kuchekesha tunacheka sisi, halafu wageni wanacheka baada yetu, wakishamaliza kusoma. Ikaja sehemu ambayo mama mmoja anakunja nguo, kijana wake anamsemesha, na mama hajibu. Anakunja. Anakunja nyingine. Chini ya picha hakuna maandishi. Nikawaona wale wageni macho yamebaki pale chini, wanasubiri. Wakachelewa sana kuyainua, na walipoyainua mama alikuwa ameshageuka.

Sikusikia vizuri filamu iliyobaki, maana nilikuwa nawaza majina ya khanga zangu. Nikichora njiwa wawili, chini naandika habari za njiwa wawili. Nikichora nanasi, utamu. Kazi yangu yote ilikuwa kutafsiri picha kwa mtu ambaye picha tayari anaiona. Wakati bibi yangu, aliyekuwa hajui hata kushika kalamu, alimaliza ugomvi wa miezi mitatu na wifi yake kwa kuvaa khanga moja siku tatu mfululizo. Hakufungua mdomo. Jina la khanga hukaa nyuma, chini ya kiuno, mwenye kulengwa analisoma ukishampita, na wakati huo hana wa kumjibu. Khanga ile ilikuwa na korosho tupu, na jina lake halikuwa na habari yoyote ya korosho.

Kesho yake kwenye boti ya kurudi Dar nikaandika majina kumi na moja. Tulipokaribia bandarini nilikuwa nimefuta kumi. Likabaki: KIMYA CHANGU KINA MLANGO.

Mchoro wenyewe ulinichukua siku nne, jambo ambalo kwangu ni haraka. Pindo la ua la bibi linalotetemeka, jekundu juu ya jeusi. Mji nikaupaka rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, mtupu, nikauacha. Naandika "nikauacha" kama jambo jepesi. Usiku wa pili niliamka nikaweka nyota nne, asubuhi nikazitoa. Jina kwa herufi nyeusi za kawaida. Na pembeni kabisa, upande wa kulia, korosho moja tu, mkia wake umeingia chini ya pindo haukuonekana.

Mzee aliutandaza mezani. Akauzungusha. Akauinua kwenye mwanga wa mlangoni.

"Korosho zingine ziko wapi?"

Nikamwambia hakuna zingine. Akanyamaza. Nami nikajizuia nisimweleze, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko kuchora. Akaita kijana wake wa duka, akamfunga ule mchoro wa karatasi kiunoni pale pale kati ya wateja, ili aone ukivaliwa kitakachoonekana ni nini. Ukifunga khanga kwa kawaida, sehemu ya mji hujikunja ndani.  Korosho ile moja ilitokea nyongani kwa kijana, kama mtu anayechungulia. Mama mmoja aliyekuwa anachagua doti za msiba akasoma jina kwa sauti, akaguna, "Mh," akaendelea kuchagua. Mzee alimtazama yule mama zaidi ya alivyotazama mchoro.

"Rangi tatu," akasema. "Nzuri, haina gharama. Tutachapa kidogo tuone."

Doti ya kwanza nilimpelekea kijana wa samaki. Aliifurahia, akaitundika mlangoni kwa kontena lake kuzuia jua la saa nane, jina likiwa limeangalia ndani na juu chini. Nilitaka kumwambia. Nikaona inakaa vizuri.

Baada ya mwezi simu ikaita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba mwanangu. Ile khanga yako iliyo wazi katikati wanaiulizia. Wa Tanga wametaka, na yule wa Mtwara. Sasa nisikilize. Nichoree na nyingine." Akashusha sauti, kama mtu anayeomba jambo la siri. "Lakini hiyo uitie korosho za kutosha."

Nikamchorea.