Kalenda ya gofu ya kaskazini ianze na mvua

Msimu mpya wa gofu unapopangwa kaskazini mwa Tanzania, swali la kwanza, kwa maoni yangu, lisiwe nani atadhamini shindano gani, bali ni lini mvua itanyesha. Masika, ya Machi hadi Mei, hulowesha viwanja kiasi kwamba mpira unaodondoka hunata kwenye tope badala ya kubingirika, na mashine ya kukatia nyasi huacha michirizi isiyofutika upesi. Mashindano makubwa ya viwanja vya Kili Golf na Arusha Gymkhana, mkoani Arusha, yangefaa kusubiri Juni, huku uwanja wa TPC, ulio tambarare katikati ya mashamba ya miwa kusini mwa Moshi, ambako mvua ni chache, ukibeba mizunguko ya miezi hiyo ya mvua.

Kuna pia suala la handikepu, yaani namba inayopima uwezo wa mchezaji ili wa viwango tofauti washindane kwa haki. Tangu mfumo wa dunia uanze mwaka 2020, hesabu hutokana na wastani wa matokeo 8 bora kati ya 20 ya mwisho. Mchezaji anayerudisha kadi za matokeo mara chache kwa mwaka (na tunawajua) hapimiki kwa haki. Ningependa kila mwezi uwe na mzunguko mmoja wa ada ndogo, na vijana wanaobeba mikoba waruhusiwe kushiriki, kwa kuwa wachezaji wetu wengi wa kulipwa walianzia hapo.